Kitendawili cha Bibi Kobe

Wanyama wa Chara, huko Mto Tana unakokaribia bahari, walimjua mkuu wao, Mzee Nyani, kwa sauti. Kila jioni alipanda mwembe akaamuru: msilale bondeni, msichimbe ukingoni, hameni kabla ya mafuriko. Yote maneno ya haki. Nao walimsikiliza kama watu wasikiavyo vyura: sauti ipo, hageuki mtu.

Jioni moja ya Aprili, baada ya kutwa ya jua kali, alikohoa akaanza. Ngiri aliendelea kufukua. Kanga waligombea punje za mpunga. Bibi Kobe, akitoka mtoni, akasimama kivulini.

"Kitendawili!"

"Tega!" wakaitikia wote, hata Ngiri mwenye udongo puani.

"Mvua kanyeshewa mwingine, matope nimeletewa mimi."

Kanga wakaacha mpunga. Ngedere akasema ni viboko wameoga. Nungunungu akasema ni ukingo umebomoka. Bibi Kobe akatikisa kichwa.

"Basi, chukua mji, bibi. Twakupa Garsen."

"Mji sitaki. Jibu lote hata mimi sina. Nimeona maji yamekuwa mekundu, na kwetu hakuna hata wingu. Twendeni tukatazame."

Namheshimu kwa neno hilo kuliko kwa kitendawili chenyewe. Kuwavuta watu kwa fumbo si kazi kubwa. Wazee wa Wapokomo, watu wa Mto Tana, walilijua hilo tangu zamani, ngoma yao takatifu ya ngadji ikasikika na wengi wasioruhusiwa kuiona. Wakoloni waliichukua, ikaishia British Museum, London, na Wapokomo bado wanauliza itarudi lini. Swali la kweli halizeeki.

Mtoni kila mmoja akawa na lake. Panya Buku alikuwa amewaona siafu wakipanda mti na mayai yao. Kuro alikutana na ng'ombe wa wafugaji Waorma wakiondoka mapema kuelekea nchi kavu. Korongo, aliyetoka upande wa juu wa mto, akaeleza kwamba mvua imepiga Mlima Kenya na Aberdare, na bwawa la Masinga, linaloyazuia maji tangu 1981, limejaa hadi linamwaga. Hapo maswali yakazaana: maji huchukua siku ngapi kufika? Mafuriko yaliyopita kilima kipi kilibaki kikavu? Nani atambeba Bibi Kobe?

Usiku uleule walihama. Mafuriko yalipofika Chara yaliyakuta mashimo matupu.

Maji yalipopungua, Mzee Nyani alipanda mwembe wake.

"Kitendawili!"

"Tega!" Wakasogea, shingo juu.

"Ni nani mkuu wa Chara?"

"Wewe," wakajibu kabla hajafunga kinywa, wakaenda kupanda mpunga, udongo ungali mbichi.