Mheshimiwa Msuguano, Pokea Sifa Zako

Washairi wameusifu mwezi, bahari, hata paka. Msuguano hakuna aliyemkumbuka isipokuwa mwalimu wa fizikia, naye humtaja swali la kwanza tu. La pili linaanza na "chukulia kwamba hakuna msuguano". Dhuluma gani hii? Leo najitolea kumtetea, bila ada.

Mashtaka yake nayajua. Anakula soli za viatu, tena upande mmoja wa kisigino. Tairi anazitoa kipara. Injini anaipasha moto hadi tunageuka watumwa wa oili. Bawaba anailiza saa nane za usiku, baba mwenye nyumba akiingia kwa kunyata, ingawa hili mama mwenye nyumba hajawahi kulihesabu kuwa kosa.

Tena ni mkaidi. Lisukume kabati la mninga uone. Unatia nguvu kidogo, naye anakurudishia kidogo. Unaongeza, anaongeza, sawa kwa sawa, kabati halisogei hata unywele. Ukifika kikomo chake, kabati linachomoka ghafla nusura uliangukie. Kuanzia hapo kazi inapungua, maana akishashindwa kulizuia huwa hakazi tena kama mwanzo. Wachukuzi wa vyombo wanalijua hilo vizuri: kabati likishatembea, hawalisimamishi njiani kwa ajili ya kusalimiana.

Hapendelei mtu. Mwaka 1699 Mfaransa Guillaume Amontons, aliyepoteza usikivu tangu utotoni, aliieleza Akademia ya Sayansi mjini Paris kwamba msuguano hufuata uzito unaogandamiza, si upana wa sehemu zinazogusana. Yaani tofali ulikokote likiwa limelala kwa ubapa au kwa ubavu, nguvu ni ileile. Waheshimiwa wale walitilia shaka, wakamtaka mwenzao, de La Hire, ajaribu upya. Akajaribu, akakuta ni kweli. Mtoza ushuru wa namna hiyo, asiyetazama ukubwa wa duka wala sura ya mwenye duka, mnijulishe mkimpata.

Sasa mtazame mama aliyejifunga kanga. Hakuna kifungo wala pini. Kitambaa kimezungushwa kifuani, ncha ikachomekwa kwa ndani, basi. Hapo anapiga deki, anachota maji, anambeba mtoto, na kanga imetulia. Nani ameishika? Tena uchambue uzi wenyewe: pamba ni nyuzinyuzi fupi, za sentimita tatu hivi, wala hazikutiwa gundi. Zimesokotwa tu zikabanana, na Mheshimiwa ndiye anayezizuia zisichomokane. Siku akigoma, hatutasubiri ncha ifunguke. Kanga nzima itarudi kuwa pamba, methali yake ikiwa imesambaa sakafuni herufi kwa herufi. Misumari ya paa nayo itafuata, lakini hapo nadhani mtaa utakuwa na jambo kubwa zaidi la kutazama.

Nendeni na gatini. Chombo kinavutwa na mkondo, na anayekizuia ni kijana mmoja mwembamba aliyeizungusha kamba kwenye nguzo. Siri ni hesabu. Tuseme msuguano wa kamba na nguzo ni sehemu tatu kati ya kumi za mgandamizo: mzunguko mmoja unaizidisha nguvu ya kijana zaidi ya mara sita, miwili zaidi ya mara arobaini, mitatu zaidi ya mara 280. Kijana anapewa sifa za ubaharia, anaringa nazo hadi jioni. Mheshimiwa hadai hata kahawa.

Ana adui mmoja wa kweli, nalo ni ganda la ndizi. Watafiti wa Kijapani wakiongozwa na Kiyoshi Mabuchi walilipima, likiwa limekanyagwa kwa kiatu, wakakuta msuguano umeshuka hadi kama asilimia 7 tu ya uzito unaokanyaga. Vijifuko vidogo ndani ya ganda hupasuka na kutoa ute unaoteleza kama grisi. Kwa kazi hiyo walipewa mwaka 2014 tuzo ya Ig Nobel ya fizikia, ile ya utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Naunga mkono tuzo, ila napinga mpangilio: aliyedondoka mbele ya kituo cha daladala, mkoba upande wake na kiatu upande wake, huwa anaanza kwa kufikiri, na kucheka huwaachia abiria.