Kaptula Yenye Jina

Anayeishi mlimani Mwanza anajua sheria moja: kitu kikianguka, usikitafute kilipoangukia. Kitafute chini. Kwetu Igogo nyumba zimekaa juu ya mawe, mawe yamekaa juu ya mawe mengine, na kila chenye umbo la duara kina haraka ya kwenda ziwani. Chungwa, mfuniko wa sufuria, mpira, tairi la baiskeli. Na uzi wa cherehani.

Roli la uzi likiponyoka mezani haliishii sakafuni. Linavuka kizingiti, linashuka ngazi za mawe, linampita jirani wa kwanza anayeanua nguo, linazunguka jiwe wanapolala mbuzi wa jirani wa pili, halafu linaingia mferejini. Njia nzima linaacha uzi nyuma, kwa hiyo hakuna anayeuliza limetoka nyumba gani. Watoto wangu watatu hulifuata kwa vigelegele, na anayeliwahi hulirudisha nyumbani akiuzungusha uzi mwilini mwake. Kazi ya jioni hiyo inakuwa si kushona tena, ni kumtoa mtoto kwenye uzi.

Mimi ni mwalimu. Fundi alikuwa marehemu baba. Ndugu walipokaa kugawana, wengine walichukua shamba, wengine ng'ombe, mimi nikapewa cherehani kwa sababu, walivyosema wazee, nina mikono laini. Ni Singer ya miguu. Isaac Singer alijipatia hataza yake kule Marekani mwaka 1851, na kiwanda kikubwa cha Clydebank, Uskochi, alikozaliwa huyu wa kwetu, kilifungwa mwaka 1980. Cherehani yenyewe haijapata taarifa. Inadai mafuta, inalalamika, inashona.

Tabu ni kwamba ina pedeli, na mtoto akiona pedeli ameona gari. Dereva ni wa kati, mwenye miaka mitano. Anaingia uvunguni, anaishika pedeli kwa mikono miwili na kuisukuma kwa nguvu zake zote, mdomo ukitoa mlio wa injini yenye hitilafu. Kitindamimba ni konda. Anasimama nyuma yangu akinigonga bega: "Nyegezi, Buhongwa! Baba, sogea, siti ya watu wanne hiyo!" Mimi huku juu nakunja pindo la sare ya shule. Gari likiondoka, sindano inaondoka. Likifunga breki, sindano inazama palepale ilipo, na mara nyingine ilipo ni kwenye kidole cha mwalimu.

Zamani safari za Geita zilikuwa na nafuu. Dereva alikuwa ameshawahi kupelekwa msibani huko, akaona magari yanavyopanga foleni Kigongo kusubiri kivuko. Kwa hiyo uvunguni nako akifika Kigongo alizima gari, akashuka, akaenda kunywa maji na kuuliza kivuko kimefika wapi. Katika mapumziko hayo nilipata mishono iliyonyooka. Juni 2025 Rais Samia akazindua daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji, na Kanda ya Ziwa nzima tukashangilia. Nami nilikuwemo, tena nilipiga makofi. Tangu hapo gari halisimami. Linatoka Mwanza linaingia Geita kwa mwendo mmoja. Ukiichukua sketi ya shule ya binti yetu mkubwa na kuigeuza ndani nje, utaona mahali hasa daraja lilipofunguliwa: mshono unakwenda kwa adabu, unafika kwenye kiuno, halafu unapiga mbio.

Bobini ni habari nyingine. Kila gari la boksi linalopita mtaani kwetu lina magurudumu manne ya chuma yanayong'aa, na wazazi wenzangu wananisifu kwamba wanangu wana kipaji cha ufundi. Mkanda wa cherehani, ule wa ngozi, niliukuta shingoni mwa mbuzi. Nilimwomba mwenye mbuzi anirudishie. Akasema yeye aliona mbuzi wake amependeza, akadhani ni zawadi.

Binti mkubwa, wa darasa la pili, hachezi gari. Yeye anasoma. Walimu wenzangu wa madarasa ya chini wanajua maradhi haya: mtoto akishaiva kwenye kusoma, husoma kila kitu, kwa sauti, mbele ya yeyote. Anasoma mifuko ya saruji, anasoma milango ya daladala, anasoma risiti ambazo baba asingependa mama azisikie. Siku moja alisoma kibandiko cha roli la uzi, akaniuliza: "Baba, pamba si inatoka kwetu? Mbona uzi umetoka China?"

Swali zuri, na mwalimu huwa hapotezi nafasi. Nikamweleza kwamba sehemu kubwa ya pamba ya nchi hii inalimwa huku kwetu, ndiyo maana tuna Barabara ya Pamba na tuna timu ya Pamba iliyorudi Ligi Kuu mwaka 2024. Nikamweleza Ukiriguru wanakotafiti mbegu. Nikamweleza jinsi wakulima walivyochoka kupunjwa kwenye mizani, wakaunda vyama vyao, na vyama hivyo vikaungana mwaka 1955 chini ya Paul Bomani, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Fedha. Nikamweleza kiwanda cha Mwatex na vitambaa vyake. Nilipofika kwenye kubinafsisha viwanda niliinua macho, nikakuta namhutubia kuku. Binti alikuwa nje anawasomea wenzake kibandiko.

Usiku ndio wakati pekee madereva wamelala, basi usiku ndio nashona. Lakini usiku una wenyewe. Ukiona mchana juu ya ziwa wingu jeusi limesimama wima, utadhani meli inaungua, ujue ni wadudu wa ziwani, na jioni watapanda kutafuta taa. Mtu mwenye busara huzima taa na kulala. Mtu mwenye mtoto anayefungua shule kesho hafanyi hivyo. Nilimaliza shati jeupe saa sita usiku, na asubuhi mama watoto aliponyanyua kola kwenye mwanga akaona kwamba ndani yake, kati ya kitambaa na kitambaa, kuna familia nzima ya wadudu iliyoshonewa kwa mshono mara mbili, imara kabisa. Binti alilivaa. Alirudi na habari kwamba darasa lote lilipewa ruhusa ya kuja kumtazama shingo wakati wa somo la sayansi.

Nilichojifunza ni kwamba katika nyumba yenye watoto kitambaa hakifiki kilikokuwa kinaenda. Nilinunua bitana nyeusi nijishonee koti; ikaja barua kutoka darasa la awali kwamba kuna mahafali na kila mhitimu avae joho. Mhitimu mwenyewe alikuwa hajaacha kukojoa kitandani, lakini joho ni joho. Bitana ikawa joho, kofia ikatoka kwenye boksi la biskuti, na picha ipo ukutani: mwanangu wa kati amesimama na cheti, amevaa bega moja la koti langu. Joho sasa linafunika cherehani. Chandarua kilichochanika nikakishona nikakitundika. Kesho yake nikakutana na bibi harusi wa miaka saba anashuka ngazi za mawe na shela la mita mbili, konda akiwa ameshika mkia. Gauni la mitumba kutoka Mlango Mmoja, ambalo mama watoto aliniletea nilipunguze tu kiuno, sitalizungumzia. Lile lina kesi yake, na bado inasikilizwa.

Basi siku moja kwenye kapu la matambara nikaikuta khanga. Kipande kimoja cha doti, kimeungua na pasi ya mkaa alama kubwa pembeni. Nani aliyeunguza, hilo kwetu halijapata jibu hadi leo, na mimi siyo polisi. Nilichoona mimi ni kitambaa kizuri cha pamba na vijana wawili wanaomaliza kaptula kwenye mawe kwa kuteleza kwa makalio. Nikaweka futi, nikakwepa mahali palipoungua, nikakata. Kwa kuikwepa alama ile, ilibidi kiti cha kila kaptula kiangukie chini ya mji wa khanga, kule linakokaa jina.

Jina lenyewe lilikuwa KIKULACHO KI NGUONI MWAKO.

Mkasi ulipita katikati. Wa kati akapata KIKULACHO, herufi kubwa nyeusi, kutoka paja hadi paja. Kitindamimba, kwa kuwa makalio yake ni madogo na maneno yalikuwa marefu, akapata KI NGUONI nyuma na MWAKO ikazunguka ikatokea mbele karibu na mfuko. Ili methali itimie ilibidi watembee bega kwa bega, mkubwa kushoto, na hilo halijawahi kutokea tangu wazaliwe.

Siku ya kujaribu, wa kati alivaa, akaruka mara moja, akapiga yowe lililosikika stesheni. Kumbe wakati navuta lastiki, konda alikuwa ananisaidia kwa kuchomeka pini alikoona pana nafasi. Tulimlaza kifudifudi, dada mtu akaja na taa, akainama, akasoma kwa sauti ya darasani: "KI-KU-LA-CHO." Nimeona khanga nyingi maishani. Hiyo ndiyo niliyoiona ikithibitisha maneno yake papo hapo.

Mama watoto aliporudi kutoka Mwaloni na dagaa zake alizitazama kaptula muda mrefu. Huniita Mwalimu pale tu anapokasirika.

"Mwalimu. Hii khanga alinipa nani?"

Nilijua. Alipewa na dada yangu, wifi yake, wa Nansio kule Ukerewe, alipokuja kututembelea mara ya mwisho. Tangu siku ile mama watoto alikuwa na swali moja moyoni ambalo hakuwahi kulitoa: huyo kikulacho ni nani, na kwa nini ameletewa yeye ndani ya mfuko wa zawadi pamoja na sabuni? Khanga haitoki dukani kwa bahati mbaya. Mwenye kununua husoma jina kwanza, rangi baadaye. Hivyo ndivyo wanawake wote ninaowafahamu walivyo, na mimi siwezi kubishana na watu wanaowasiliana kwa lugha niliyokuwa naipiga pasi.

Kaptula zingechomwa moto siku hiyohiyo, kama si chumvi. Chumvi iliisha, wa kati akatumwa kwa mama jirani. Akabisha hodi, akaamkia, akaomba, akapewa, akashukuru, akageuka. Mama jirani akabaki mlangoni anamsoma hadi alipopotea nyuma ya jiwe. Hajamaliza kutafakari, kitindamimba naye akafika kumtafuta kaka yake, akamkosa, akageuka.

Jioni ile zilirudi kwetu sufuria mbili, beseni la bluu, jiko la mkaa na mwavuli, vitu ambavyo tulikuwa tumeshavisamehe hata kuvitaja. Vililetwa vimeoshwa. Mama jirani alianza na salamu ya Kisukuma, akasema tu, "Mwadila, shoga yangu, nilikuwa najiandaa kuvileta," akakataa kukaa. Mama watoto alilifuta vumbi beseni ambalo halikuwa na vumbi. Kesho yake asubuhi kaptula zilikuwa zimefuliwa, zimeanikwa upande wa mbele wa nyumba, jina likitazama njia.

Zikavaliwa sana. Zilipelekwa dukani kwa mtu anayetudai na ambaye na sisi tunamdai. Zilipelekwa kwa fundi bomba. Nilipinga, nikisema watoto si mabango, na nikaambiwa kwamba mimi ndiye niliyeyashona.

Dada alikuja siku ambayo hatukumtarajia. Meli ya Nansio ikitia nanga, simu yake huwa haina chaji. Utamwona tu anapanda ngazi za mawe, mkungu wa ndizi kichwani kwa kijana aliyemkodi. Watoto wakamkimbilia. "Shikamoo shangazi!" "Marahaba, wajukuu wa baba yangu." Akawakumbatia mmoja mmoja, akawaachia, nao wakageuka kukimbilia ndizi.

Dada akasimama. Midomo yake ikatembea kidogo. Alisoma cha kwanza, akageuza shingo kusoma cha pili, na kwa kuwa kitindamimba alikuwa anazunguka, ilibidi naye azunguke kidogo kuipata MWAKO.

"Hii si ile khanga yangu?"

"Ndiyo wifi," mama watoto akasema taratibu, kwa ile sauti ya mtu aliyesubiri. "Karibu ukae. Aliyekata ni kaka yako."

Nikaeleza kuhusu pasi. Nikaeleza kuhusu alama, na pamba, na mawe. Hakuna aliyenisikiliza. Wanawake wawili walikuwa wanatazamana, na kwa mara ya kwanza swali likatoka.

"Wifi, nikuulize. Uliponinunulia, ulikuwa umesoma jina?"

Dada akacheka hadi akajishika ubavu. "Miwani yangu ilikuwa imevunjika, mwenzangu! Nilichagua rangi. Nilifika hapa ndipo binti yako akanisomea, nikaona aibu, nikasema labda hutaligundua."

Binti mkubwa akaacha ndizi akathibitisha kwamba kweli alisoma, tena zote mbili.

Chai ikaletwa. Katika kunywa mama watoto akasimulia habari ya chumvi, ya sufuria, ya beseni na mwavuli, na dada akaacha kucheka. Akaweka kikombe chini. Kule Nansio, akasema, ana jirani aliyeondoka na sinia lake kubwa la harusi tangu harusi yenyewe, na wajukuu anao wanne, wote wanatambaa na kutembea.

"Mdogo wangu," akaniambia, "hiyo cherehani ya baba ina mafuta?"

Nikasema ina mafuta, uzi ndio sina uhakika uko wapi, labda mferejini.

"Na kile kipande cha pili cha khanga kiko wapi?"

Mama watoto, aliyekuwa amejifunga hichohicho kiunoni, alirudi nyuma hatua moja akakaza fundo.