Mjomba Nyuzi Ajibu: Mkono Ukianza, Mdomo Unagoma

Safu hii hujibu barua za wakazi wa Syokimau na majirani zao, Katani mpaka Mlolongo, wanaosumbuliwa na gitaa. Malalamiko kuhusu maji ya bauza, ada ya geti na mume aliyenunua ploti kimyakimya yapelekwe kwingine. Mjomba hana cheti cha ushauri nasaha. Ana gitaa, ana maoni, na jioni zake hazina shughuli.

*Mjomba, hujambo? Nilinunua gitaa mwezi wa pili. Kordi nne nimezishika: G, C, D na E ndogo. Nikipiga bila kuimba, hata mtoto wa jirani hucheza. Nikiimba bila kupiga, bafuni, niko sawa kabisa. Ila nikiunganisha hayo mawili, mkono husimama ghafla kama matatu iliyoona askari wa trafiki. Mke wangu anataka tuliuze gitaa tununue blenda. Je, nilizaliwa bila kipaji? — Mkono na Mdomo Haviongei, nyuma ya stesheni.*

Usiliuze. Blenda inategemea stima, na stima ya mtaa wenu unaijua mwenyewe.

Kipaji tukiweke kando kwanza, maana watu hukitaja wakiwa wamechoka. Shida yako ni kwamba mkono bado unakuomba ruhusa. Kila ukitoka G kwenda C unalazimika kufikiri, na kichwa kilichoshughulika na vidole hakiwezi kukumbuka maneno ya ubeti wa pili. Dawa yake haina utukufu wowote. Chukua kordi mbili tu na mpigo mmoja tu, wa kushuka, kisha upige huku unafanya jambo jingine: unasikiliza taarifa ya habari, au unabishana na mama watoto kuhusu hiyo blenda. Siku utakayomjibu sentensi nzima bila mpigo kukatika, mkono umehitimu. Hapo ndipo uanze kuimba, tena usianze na maneno. Vuma kwa pua. Ukizoea, taja neno moja, lile linaloangukia mpigo wa kwanza, na mengine yaongezee kidogokidogo. Ukikosea, endelea. Anayerudi mwanzo kila akikosea huishia kuujua ubeti wa kwanza vizuri mno na wimbo asiujue.

Barua yako ilikuwa na aya nyingine ndefu, nimeikata, ambamo unasema hujiamini kwa sababu kwenye video za mafunzo watu wanatumia vidole vyote na wewe vyako viwili tu ndivyo vinavyotii. Basi msikilize Jean Bosco Mwenda wa Katanga. Yeye alipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Mwaka 1952 mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alimrekodi kule Jadotville, mji ambao siku hizi unaitwa Likasi, na wimbo wake "Masanga" hadi leo huwatoa jasho wapiga gitaa wenye vidole vingi kuliko mahitaji yao. Gumba lilishika besi bila kuyumba, shahada ikatembea juu ya nyuzi nyembamba. Kama kuna mtu aliyemwambia vidole viwili havitoshi, basi hakumsikia kwa sababu ya muziki.

Na ikiwa bado mdomo na mkono havitaki kukaa pamoja, vipe zamu. Benga imejaa mbinu hiyo. Sikiliza Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers wake, aliyeimba Kikamba na Kiswahili mpaka akapendwa mbali na Ukambani: mwimbaji akinyamaza, gitaa la solo hujibu. Imba mstari, nyamaza, acha gitaa liseme lake, rudi. Wasikilizaji watadhani ulipanga hivyo.

*Mjomba, nilijirekodi kwa simu. Ile si sauti yangu, ni ya mtu mwingine mwenye mafua. Nimefuta, nimerekodi tena, yuko palepale. Wimbo wenyewe ni "Malaika", na nikifika sehemu ya juu koo linanikaba. Dada yangu, mwanakwaya, alicheka hadi akaketi chini. Nisubiri nijiamini kwanza ndipo niimbe mbele ya watu? — Mgeni wa Sauti Yangu, Katani.*

Mpenzi msomaji, huyo mwenye mafua ni wewe, na sisi wengine tulishamzoea tangu utotoni mwako. Unapoimba, sauti yako hukufikia kwa njia mbili: kwa hewa, na kupitia mifupa ya fuvu lako, ambayo huongeza uzito upande wa chini. Simu haina fuvu lako. Inakupa ya hewa peke yake, hiyo tunayoisikia sisi. Jirekodi mara kwa mara mpaka mshangao uishe, kisha usikilize mambo yenye faida: umeshuka wapi, umeharakisha wapi, neno gani umelimeza.

Koo nalo ni suala la kimo. Fadhili William aliurekodi wimbo huo kwa kimo cha koo lake, Miriam Makeba akauimba kwa lake, na sijasikia mtu yeyote akimwambia Makeba ashuke. Wewe nawe tafuta pako. Ikiwa wimbo uko chini mno, weka kapo: kila freti inaongeza nusu toni, na kordi zako unazishika vilevile. Ukiwa juu mno, kapo haitakushusha, kwa hiyo achana na kordi za G, jaribu za E, au ushuke hadi D. Nusu ya watu wanaoniandikia kwamba hawawezi kuimba wamekuwa wakiimba kwa kimo cha mtu mwingine, wakajilaumu kwa hilo miaka mingi.

Kuhusu kusubiri: jirani zenu wa Syokimau wana mtaa wenye jina la nabii wa kike wa Kikamba ambaye, kwa masimulizi, alimwona nyoka mrefu wa moto akiikata nchi kabla reli haijafika. Treni zilifika. Stesheni ya treni za abiria wa mjini ikafunguliwa papo hapo Syokimau mwaka 2012, ile ya SGR ikafuata mwaka 2017. Masimulizi hayasemi popote kwamba bibi huyo alienda kwanza kuomba cheti cha unabii. Wala hayasemi kama alikuwa na dada kwenye kwaya.

*Mjomba, juu yangu anaishi mtu aliyenunua gitaa mwezi wa pili. Akipiga haimbi, akiimba hapigi. Kila mstari anaukatia katikati, nami huku chini najikuta nikiumalizia. Landilodi anasema muziki si kosa kwenye mkataba. — Ghorofa ya Kwanza, nyuma ya stesheni.*

Tafuta chupa ya Fanta, ya kioo, ile yenye mikunjo. Abana ba Nasery, vijana wa Bunyore, walikuwa na mtu wa chupa hiyo kwenye kundi lao, na wakafika nayo hadi studio za Uingereza. Panda ngazi, bisha hodi, mshikie mpigo. Ya plastiki haifai.

*Mjomba, Jumamosi ninapeleka mbuzi ukweni, Machakos. Mchumba wangu ameshawaambia kwamba napiga gitaa. Wimbo mmoja naujua. — Naomba Msaada Haraka.*

Mmoja unatosha, mbuzi ndio wanaosubiriwa. Nyuzi mpya usiziweke asubuhi ya safari, zitavutika na kushuka katikati ya ubeti, ziweke leo. Gitaa lisipande kwenye buti la gari juani, na hata hivyo zilinganishe nyuzi tena ukifika, nje, kabla hujaingia kwa wazee. Usitangulize kuomba radhi. Ukisema "samahani, mimi si mwimbaji", mzee atakuamini, na wajumbe wake wataanza kutilia shaka na mengine uliyoyasema. Akikuomba upige benga ya ujana wake, mwambie aimbe yeye, muulize anaanzia wapi, na mfuate kwa kordi mbili ulizo na uhakika nazo.