Ruka Tangazo, Usione Haya

Mwaka 2002 Jamie Kellner, aliyekuwa mkuu wa Turner Broadcasting huko Marekani, aliulizwa na jarida moja la biashara ya televisheni anawaonaje watazamaji wanaoruka matangazo kwa kutumia vinasa vipya vya kidijitali. Akajibu kwamba huo ni wizi. Kwa maelezo yake, ukishawasha televisheni umeingia mkataba na kituo, na kuyatazama matangazo ni sehemu ya mkataba huo. Na mtu akienda msalani je? Hapo akalegea, akakubali kwamba upo uvumilivu wa kiasi fulani. Kiasi chenyewe hakukitaja, kwa hiyo mpaka leo hatujui kama ruhusa ile ilikuwa ya haja ndogo tu. Namkumbusha Kellner kwa sababu mkataba wake haukufa na vinasa vile. Ndio huo huo tunaosomewa leo kwenye majukwaa ya video na muziki mtandaoni: umepewa bure, basi tulia utangaziwe. Mimi sina ugomvi na mkataba. Ninachosema ni kwamba mkataba una pande mbili, na upande uliotangulia kuuvunja ni ule uliopaza sauti ghafla katikati ya wimbo wa mtu. Anayeruka baada ya hapo hadaiwi kitu.

Tazama jinsi mambo yanavyokwenda jikoni. Mtu anakanda unga wa chapati, simu ameiegemeza kwenye kopo la chumvi, anasikiliza kaswida au kwaya kwa sauti ya chini kwa sababu mtoto amelala chumba cha pili. Katikati ya ubeti, bila hodi wala salamu, anaingia kijana mwenye sauti ya mnadi na habari za mkeka wa wikiendi na mamilioni yanayokusubiri. Kitufe cha kuruka kitatokea baada ya sekunde tano, lakini vidole vyote kumi vimo kwenye unga. Anajaribu kiwiko. Kiwiko ni kipana, kinaligusa tangazo lenyewe badala ya kitufe, na sasa kimefunguka ukurasa wa kujisajili kubeti, huku kaswida imesimama. Ncha ya pua ingefaa zaidi, na wapo wapishi wanaolijua hilo ingawa hawalizungumzii mbele za watu. Mtoto ameshaamka.

Cheka, lakini kifuate kiwiko kile mpaka kwenye hesabu. YouTube ilipoleta matangazo ya kurukwa mwaka 2010, iliwaambia watangazaji jambo la haki kabisa: mtu akiruka, hulipi, unalipa akitazama sekunde 30, au tangazo lote kama ni fupi kuliko hapo; baadaye ikaongeza kwamba unalipa pia akiligusa. Kwa kipimo hicho, kiwiko chenye unga ni mteja aliyevutiwa, na mwenye kampuni ya kubeti anatozwa hela kwa ajili yake. Mpishi ambaye hakujaribu hata kiwiko, akaliacha tangazo lijimalize huku akilisonya, naye amehesabiwa kuwa mtazamaji makini. Ndiyo maana nasema kelele hainunui usikivu wa mtu. Inanunua mshituko, na mshituko unaandikwa daftarini kwa jina la usikivu. Anayetangaza analipia kitu ambacho hakukipata, anayetangaziwa anaudhiwa kwa ajili ya biashara isiyofanyika, na aliyeko katikati anafunga hesabu za mwaka akiwa na furaha.

Utetezi wa zamani wa watangazaji ni kwamba tangazo halizidi kilele cha sauti kinachoruhusiwa. Ni kweli, na ndipo ujanja ulipo. Tamthilia au wimbo una mabonde na vilima: mtu ananong'ona, mlango unagongwa, ngoma inapanda, kisha kimya. Fundi wa tangazo huyabana yote hayo mpaka mnong'ono unakaribia kulingana na ukelele, kisha anaupandisha mlima mzima hadi kwenye dari. Kilele ni kile kile, ila tangazo linaishi huko juu tangu sekunde ya kwanza hadi ya mwisho. Sikio halipimi kilele peke yake, linapima jumla ya ukali wa sauti kwa muda. Wataalamu walilijua hilo, na mwaka 2006 Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, likatoa kipimo kinachosikiliza sauti karibu na jinsi binadamu anavyosikia. Kwa kipimo hicho vituo vya Ulaya viliwekewa kiwango cha pamoja mwaka 2010. Mwezi Desemba mwaka huo huo Rais Obama alisaini sheria ya kuzuia matangazo ya televisheni yasizidi sauti ya vipindi, nayo ikaanza kufanya kazi Desemba 2012. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba hili ni tatizo gumu la kisayansi. Lina dawa yenye umri wa kijana aliyekwisha kupata kitambulisho cha taifa.

Ila sheria ile iliandikwa kwa televisheni za minara, nyaya na setilaiti. Video za mtandaoni hazikutajwa, na wenye majukwaa wakajipitisha kwenye upenyo huo. Lililoanza kuuziba ni jimbo la California. Oktoba 2025 Gavana Gavin Newsom alisaini sheria inayotaka tangazo la mtandaoni lisizidi sauti ya kipindi linachoambatana nacho, na tarehe ya kuanza ikapangwa kuwa 1 Julai 2026. Aliyeipeleka bungeni, Seneta Thomas Umberg, alisema waziwazi kilichomsukuma: mtoto mchanga wa mtumishi wa ofisi yake, aliyekuwa akibembelezwa mpaka analala, kisha tangazo linamwamsha. Nchi nyingine hutungiwa sheria na majeshi, hii imetungwa na kitoto cha kunyonya, na sioni kama imeharibika kwa hilo. Wakubwa wa filamu na video waliipinga mwanzoni kwa hoja kwamba matangazo hutoka kwenye mitambo tofauti na huchezwa kwenye vifaa tofauti, hivyo si rahisi kuyalinganisha. Hoja hii ningeiheshimu zaidi kama isingetoka kwa watu wanaojua kwamba jana usiku uliulizia bei ya magodoro, na leo asubuhi, kabla wimbo haujaanza, wamekuchagulia tangazo la godoro kati ya maelfu, katika muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Spotify husawazisha sauti za nyimbo ili za zamani na za jana zisikike kwa ukubwa mmoja, na YouTube nayo huzishusha video zilizorekodiwa kwa kelele. Kifaa cha kupunguza sauti kimo nyumbani. Kinachokosekana ni sababu ya kukitumia.

Hapo atasimama mtu mwenye hoja nzito zaidi, nami namkaribisha kiti. Atasema: hivyo vitu vinatengenezwa kwa gharama, na ukiruka tangazo unamnyima msanii ugali. Sehemu ya maneno hayo ni kweli. Kwenye matangazo ya video zake, YouTube humpa mwenye chaneli asilimia 55, na wako wachekeshaji na waimbaji wa Dar es Salaam na Nairobi ambao mapato hayo yana maana kwao. Lakini ili uingie kwenye mgawo huo, tangu 2018 mlango wa kawaida ulikuwa wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka. Kisha mwaka 2020 jukwaa lilijipa haki ya kuweka matangazo hata kwenye video za wale ambao hawajafika hapo, bila kuwapa senti. Mwanakwaya wa kijijini mwenye wafuasi 300 anaweza kukatizwa wimbo wake na tangazo la bia, na ujira wake ukawa ni kule kukatizwa. Mwaka huo huo urefu wa video inayoruhusiwa kukatwa katikati ulishushwa kutoka dakika kumi hadi nane. Wapenda taarabu ya asili wanajua dakika nane ni nini: waimbaji wengine ndiyo kwanza wanaanza kupasha koo.

Na neno bure lenyewe linahitaji kuchunguzwa kwa macho ya mtu anayenunua bando. Huko ambako intaneti ya nyumbani hulipiwa kwa mwezi bila kipimo, tangazo linakula muda tu. Kwetu linakula MB. Mtu amenunua bando la siku, anajua kabisa zinatosha video tatu na meseji za kikundi cha harusi, kisha zinakatwa kusafirisha tangazo ambalo hakuliomba, tena la kampuni ya simu inayomhimiza anunue bando. Muuza dawa ya kunguni anayepita mtaani na spika begani, sauti yake ikiwa imerekodiwa na kurudiarudia mende, panya, kunguni, anaudhi, sikatai. Lakini anapita na zake, haingii chumbani, na betri ya spika ni yake. Hata yeye akizidisha, kuna wa kumwambia: Tanzania ina kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2015, Kenya ina zake za 2009, na baraza la mazingira la Tanzania, NEMC, limewahi kufunga baa kwa sababu ya muziki. Tangazo la simu ndilo pekee linalopiga kelele ndani ya nyumba yako, kwa umeme wako na kwa bando lako, huku likikuita mteja wetu mpendwa.

Atainuka wa pili: basi lipia, uondokane nayo. Ushauri mzuri kwa mwenye mshahara na kadi ya benki inayokatwa yenyewe kila mwezi. Wengi hapa hununua maisha kwa siku: bando la siku, luku ya siku, unga wa siku. Lakini hata mwenye kadi asijione amefika. Waliokuwa wakilipia Amazon Prime Video nchini Marekani walilala hawana matangazo, wakaamka tarehe 29 Januari 2024 wanayo, na anayetaka yaondoke akaambiwa aongeze dola 2.99 kwa mwezi. Utulivu waliokuwa nao ndani ya bei ya zamani ulitolewa nje, ukafungwa upya, wakauziwa. Mteja akishajua kelele inaweza kuongezwa ili anunue ukimya, ana haki ya kujiuliza kelele ile ni huduma au ni vitisho.

Kwa hiyo watu wanakwepa, na wamekuwa wakikwepa tangu zamani. Eugene McDonald, mkuu wa kampuni ya Zenith ya Marekani, aliyachukia matangazo hata mafundi wake wakatengeneza kidhibiti mbali cha Flash-Matic mwaka 1955: kurunzi yenye umbo la bastola, unailenga kwenye mojawapo ya pembe za televisheni, tangazo linanyamaza. Kasoro yake ilikuwa kwamba hata jua likipiga pembe hizo televisheni ilijiendesha yenyewe, na sidhani kama watazamaji walilalamika sana siku ambazo jua lilichagua tangazo. Sisi tuna mbinu zetu. Mtoto anayecheza gemu ya simu huzima data kwanza, hajafundishwa na mtu. Wengine hufunga programu ya kuzuia matangazo kwenye kivinjari, jambo ambalo FBI, si wahuni wa mtandaoni, ililishauri Desemba 2022 kwa sababu matapeli walikuwa wakinunua matangazo ya utafutaji na kujifanya kampuni halali. Na yupo kijana wa duka la kuingiza nyimbo, mwenye kompyuta moja, feni moja na benchi la wateja: unampa memori kadi na hela kidogo, anakujazia taarabu, singeli na kaswida mpaka iteme. Hakuna tangazo hata moja. Huyo ndiye huduma ya kulipia ya uswahilini, na ilikuwepo kabla ya hizo za wakubwa.

Simsifii kijana yule kwa uaminifu, kwa sababu msanii hapati chochote pale, hata ile asilimia 55 ya kusuasua. Lakini wanaomwita mwizi wajiulize nani anampelekea wateja. Mtu anayevumilia tangazo la sauti ya kawaida hana haraka ya kwenda kununua wizi. Anayerushwa roho kila baada ya nyimbo mbili atakwenda, na hatarudi. Wala isisemwe kwamba Waswahili hatupendi kutangaziwa. Enzi za Radio Tanzania, matangazo ya vifo yakianza nyumba nzima ilinyamaza, na aliyekuwa anaongea alikatazwa kwa jicho. Yalisomwa kwa sauti ile ile iliyosoma habari, taratibu, jina la marehemu likirudiwa, na hakuna aliyehitaji kupigiwa kelele ili asikie.

Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilipata muda, mwaka 2018, wa kutunga kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizowataka hata wenye blogu wakate leseni. Kama wino bado upo, naomba iongeze kifungu kimoja kifupi, na mamlaka za Kenya na Uganda zikinakili sitadai hakimiliki: tangazo lolote la mtandaoni lisizidi sauti ya kipindi lililopandikizwa ndani yake, na kitufe cha kuruka kiwe kikubwa kiasi cha kubonyezwa kwa kiwiko.