Hotuba ya Allama wa Karatu Mintarafu ya Jaji Mkuu na Sanduku la Kura

Hadhirina watukufu, wazee wangu wa Kiiraqw mlioacha mashamba ya ngano, nanyi ndugu zetu Wamasai mlioteremka kutoka Ngorongoro kwa kupita lango la Lodoare, amma baad: mimi, ambaye sikupata kuketi katika chuo chochote cha sheria, jambo lililonisalimisha na rai za watu wengine, nimeombwa na nafsi yangu niwabainishie habari ya Jaji Mkuu mpya na uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025, mambo mawili ambayo majahili huyachanganya, ilhali hayana udugu hata wa kunyonya.

Hujja ya kwanza. Mwezi Juni 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipomteua Bwana George Masaju ashike mahali pa Profesa Ibrahim Juma, walitokea watu wa kunong'ona kwamba aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ambaye kazi yake ilikuwa kuitetea serikali, haelekei leo kuongoza mahakama zitakazoihukumu. Nami nawauliza: ni nani aijuaye serikali kuliko aliyepata kuwa wakili wake? Haohao ndio walionung'unika mwaka 2023, Profesa Juma alipotimiza miaka 65, ukomo uliowekwa na Katiba, naye akaongezewa muda. Kana kwamba Katiba nayo haichoki, ikahitaji kupumzishwa mara mojamoja.

Hujja ya pili, nayo ndiyo nzito. Ibara ya 118 yampa Rais kumteua Jaji Mkuu; ibara ya 74 yampa Rais kuwateua wajumbe wa Tume ya Uchaguzi, ambayo mwenyekiti wake katika uchaguzi wa 2025, Bwana Jacobs Mwambegele, alikuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani; Rais huyo naye alikuwa mgombea; na anayetangazwa mshindi huapishwa na Jaji Mkuu. Wenye macho dhaifu huona hapa mkono mmoja kila mahali. Mimi, kwa baswira niliyojaliwa, naona adabu njema: shughuli nzima yapita toka mwanzo hadi mwisho pasipo mtu kulazimika kujuana na mgeni.

Fauka ya hayo, jimbo hili la Karatu, lililompeleka Dakta Wilbrod Slaa bungeni mwaka 1995 kwa bendera ya CHADEMA, mwaka 2025 lilipunguziwa taabu ya kuchagua, maadamu chama hicho kilikataa kutia saini maadili ya uchaguzi mwezi Aprili mwaka huo, kikatolewa kinyang'anyironi.

Naam, nimekusikia, kijana uliyekalia gunia la vitunguu vya Mang'ola. Wauliza habari za Ngorongoro mwaka 2024. Ni kweli kwamba Tangazo la Serikali namba 673 lilifuta kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96, ilhali uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa karibu. Ni kweli kwamba wenyeji walijaa barabarani na shuka zao nyekundu hata magari ya watalii yakasimama foleni. Na ni kweli kwamba tarehe 22 Agosti Mahakama Kuu, Arusha, ilitoa amri ya kulisitisha tangazo lile. Lakini amri yenyewe ilikuwa ya muda, kijana, na elimu haijengwi juu ya mambo ya muda. Wauliza tena: je, angeketi jaji mwingine siku ile, amri ingetoka? Swali hilo halimo katika hotuba yangu, kwa hiyo halina jawabu.

Na nyinyi mnaocheka, chekeni. Ibara ya 41(7) imekwisha kutuongoza: Tume ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake, awe Jaji Mkuu ni Masaju, au Juma, au malaika. Nami, kwa kuifuata hekima hiyo, natangaza rasmi kwamba hujja zangu zimeshinda kwa kishindo. Na kwa kuwa nimezitangaza mwenyewe, hakuna aliye na mamlaka ya kuzichunguza. Kijana, teremsha mkono.