Hodi ya Dizeli

Gari la dizeli halina mtetezi. Uliza barazani Ukunda, uliza kwa fundi chini ya mwembe wake, muulize hata dalali anayetaka kukuuzia moja, utasikia mashtaka yale yale: lina kelele, lina masizi, spea zake ghali, halipendi safari fupi, na lina taa moja ya manjano ambayo ikiwaka mwenyewe hukosa usingizi. Washairi wa pwani waliusifu mnazi, wakausifu uta, wakalisifu jahazi. Dizeli haikuambulia hata kibwagizo. Imedhulumiwa. Mashtaka hayo ni ya kweli, silipingi hata moja, lakini ukiyapima vizuri utaona kila moja ni tabia njema iliyopewa jina baya. Katika mashine zote zilizovuka Likoni kuja kusini, hii ndiyo iliyokuja na adabu za Kipwani, tena kuliko baadhi yetu wenyeji.

Kwanza tuelewane gari jipya ni lipi. Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8 tangu liandikishwe mara ya kwanza, na waagizaji hawapendi kuiacha miaka hiyo ipotee bure. Kwa hiyo gari linaloitwa jipya Diani, lenye redio inayozungumza Kijapani, mara nyingi ni mtu mzima wa miaka saba. Mazda CX-5 ya dizeli yenye injini ya lita 2.2, iliyoanza kuuzwa mwaka 2012, imefika Kenya kwa njia hiyo hiyo, ikiwa na mazoea yake ya barabara ndefu na asubuhi za baridi. Mnunuzi hudhani yeye ndiye atakayelizoesha gari. Siku ya kwanza hubofya kitufe, na badala ya injini kuwaka papo hapo huona taa yenye umbo la waya uliojisokota, mfano wa koili ya jiko la umeme, akadhani ametapeliwa. Kumbe ni hita tu, zinazopasha moto vyumba vya injini kabla ya kazi. Kwa joto la Msambweni taa hiyo haidumu zaidi ya muda wa kusema bismillahi, na huo ndio muda hasa uliokuwa ukitakiwa. La petroli huondoka na mtu kabla hajaitaja.

Kelele nayo ina asili yake. Injini ya petroli huwashwa na cheche ya plagi. Rudolf Diesel, Mjerumani ambaye injini yake ilithibitika mjini Augsburg mwaka 1897, hakutaka cheche. Injini yake huiminya hewa peke yake mpaka ibaki sehemu moja ya 14, au hata ya 20, hewa ikawa moto wa kuunguza; ndipo mafuta hunyunyizwa ndani na kulipuka yenyewe. Mlipuko huo wa ghafla ndio ile ko-ko-ko inayolaumiwa. Sasa ni nani katika pwani hii aliyefundishwa kuingia uani kwa watu kimya kimya? Asiyebisha hodi ni mwizi, au ni mkwe asiye na haya. Dizeli hubisha hodi tangu njia panda, mama akapata kujitanda leso na watoto wakatoka barabarani. Ulaya wamelijua hilo kwa kuchelewa: tangu Julai 2019 aina mpya za magari ya umeme zinatakiwa kutoa sauti ya bandia zinapokwenda polepole, ili watembea kwa miguu, hasa vipofu, wazisikie. Wanatengeneza kwa spika kile ambacho dizeli hutoa bure. Na gari la dizeli likishafika, halizimwi kama taa ya chumbani. Turbo yake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika inapofanya kazi sana, kwa hiyo gari lililotoka kupanda Kwale kutoka Kombani madereva wa zamani huliacha lingurume dakika moja, turbo ipoe huku oili ikizunguka, ndipo walizime. Mgeni wa Kipwani naye hainuki mkekani akatoweka. Huomba ruhusa, akaambiwa kaa kidogo, akakaa, ndipo akaenda.

Ama kituo cha mafuta, hapo dizeli imefanya kazi iliyowashinda wahubiri. Mwenye petroli huteremsha kioo nusu, akatamka "elfu moja", akarudi kwenye simu yake. Mwenye dizeli hana anasa hiyo. Mdomo wa pampu ya petroli ni mwembamba, huteleza ndani ya tangi la dizeli bila kipingamizi, na mhudumu anayeona gari dogo la kifahari ataweka supa kwa nia njema kabisa. Dizeli huilainisha pampu inamopita. Petroli huikausha, vyuma vikasagana, na unga wa chuma ukasafiri hadi kwenye injekta zenye matundu membamba karibu kama unywele. Injekta moja ni bei ya mbuzi kadhaa, nazo ni nne. Basi mwenye dizeli huteremka garini, humwamkia mhudumu, humuuliza habari za nyumbani, hutaja neno dizeli mara tatu na kusimama pale pale mpaka tone la mwisho. Baada ya mwezi wanaitana kwa majina. Na urafiki huo una faida yake, kwa sababu dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa ilikuwa biashara nono nchini hadi serikali, mwaka 2018, ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili uchanganyaji usilipe. (Aliyekuwa akipikia mafuta ya taa ndiye aliyelipia dhambi ya mchanganyaji, lakini hilo ni shairi jingine.)

Sifa kubwa nimekiwekea kitu kinachochukiwa kuliko vyote, lile chujio la masizi ambalo mafundi huliita DPF. Ndani ni mfano wa sega la nyuki lililofinyangwa kwa kauri, vijia vyake vimezibwa huku na huku, moshi ukalazimika kupenya ukutani na masizi yakabaki nyuma. Likijaa, kompyuta ya gari huongeza mafuta kidogo, joto la moshi likapanda hadi nyuzi 600 hivi, na masizi yakaungua yakawa hewa. Kazi hiyo huhitaji mwendo wa kasi isiyobadilika-badilika kwa dakika 15 au 20. Sasa tazama maisha ya gari hapa Diani. Nyumbani hadi shuleni, shuleni hadi sokoni Ukunda, Ukunda hadi ufukweni, tuta baada ya tuta, tuktuk mbele na bodaboda ubavuni. Injini haijapata joto na safari imekwisha. Chujio linaanza kujisafisha, mtu anafika dukani, anazima. Feni inaendelea kuvuma mbele ya gari lililozimwa, harufu ya kitu kilichoungua inatoka chini, naye anaingia kununua maziwa kana kwamba halimhusu. Ukitaka kujua ni mara ngapi amefanya hivyo, fungua boneti. Vuta kijiti cha kupimia oili, kifute kwa kitambaa, kirudishe, kivute tena. Kwenye magari mengine hofu ni oili kupungua. Hapa utaikuta imeongezeka, imepita alama ya juu, nyepesi, inanuka dizeli, kwa kuwa mafuta yaliyokusudiwa kuchoma masizi yameteremka silindani yakajiunga nayo. Sijui mali nyingine Kwale inayoongezeka kwa kukaa nyumbani, ukiondoa deni.

Dawa yake ni safari, na hapo ndipo gari hili linapofanya wema wake. Upande wa kaskazini foleni ya feri ya Likoni huzidisha ugonjwa, ingawa barabara ya Dongo Kundu, kutoka Kibundani hadi Miritini, imesaidia. Serikali iliijenga kwa ajili ya bandari na kumbe imejenga zahanati ya machujio. Lakini dawa halisi iko kusini. Ukishaiacha Ukunda na mabasi yake, barabara hufunguka: Mwabungo, Gazi, Msambweni, Ramisi kwenye mashamba ya miwa, hadi Lunga Lunga mpakani. Kwa kuwa hakuna mtu mwenye akili timamu anayeendesha hadi Ramisi na kurudi mikono mitupu, mwenye gari hutafuta sababu, na sababu ya kusini ni jamaa. Kuna shangazi Vanga ambaye kwa miaka alikuwa akipata salamu za simu na mia tano za M-Pesa siku ya Idi. Tangu mpwa anunue dizeli, humwona kila baada ya wiki mbili, anakula samaki wake, anasikiliza habari za shamba na kesi ya mpaka wa shamba. Kutembeleana, ambako simu ilikuwa imekwisha kukufukia, kumefufuliwa na kipande cha kauri.

Atatokea wa kusema kwamba mpwa huyo hakuja kwa mapenzi, ameletwa na masizi. Ni kweli. Lakini wangapi huenda mazikoni kwa kuogopa kusemwa, na maiti akazikwa vile vile? Shangazi hajauliza. Yeye huona mtu mlangoni ana mkate wa sinia mkononi, na huko nje gari linanguruma dakika yake moja.

Pingamizi nzito kuliko hiyo huletwa na fundi. Atakuambia shangazi wa nini: lete gari, nilifungue chujio nilitoboe, kompyuta idanganywe kidogo, na ile taa ya manjano ya chujio haitawaka tena maisha yako. Anasema kweli, haitawaka. Masizi tu ndiyo hayatakwisha. Yatatoka yalivyo kwenye ekzosi. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli mwaka 2012 katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, na chujio zima huzuia zaidi ya asilimia 90 ya chembe za masizi. Ukilitoboa hujaondoa tatizo, umelihamisha kutoka dashibodi yako hadi kwenye mapafu ya mtoto anayeuza njugu kituoni Ukunda, ambaye hana taa ya kumwonya. Hapa sina mzaha. Mwaka 2015 ulimwengu ulijua kwamba Volkswagen ilikuwa imeuza magari ya dizeli yapatayo milioni 11 yenye programu ya kudanganya wapimaji wa gesi chafu, na wenye magari hayo walikuwa wakiyasifu kwa kutosumbua. Gari lenye kero linalosema limeshiba masizi lina heshima kuliko lile linalonyamaza na kuyamwaga.

Waliobaki nitawajibu kwa ufupi. Wanaosema dizeli ni ya malori na si ya watu wa heshima, basi wakifika Likoni wavuke kwa kuogelea, maana feri inakwenda kwa dizeli, na hoteli umeme ukikatika hulala na taa kwa jenereta ya dizeli. Wanaolalamikia bei ya spea nimewakubalia tangu mwanzo. Wakumbuke tu kwamba lita ya dizeli ina nguvu zaidi ya lita ya petroli, kwa kiasi kama asilimia 10, na kwenye mlima wa Kwale hilo huonekana bila mahesabu. Wanaongojea umeme sina neno nao, ila gari la umeme halimhitaji shangazi. Na wapo wanaosema dizeli ni kitu cha kigeni kisicho na nasaba nasi. Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ndogo ya aina ya Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na katika miaka ya 1990 watu wa kisiwa cha Bougainville, waliozingirwa wakakosa mafuta, waliendesha magari yao ya dizeli kwa mafuta ya nazi. Mwenye minazi Msambweni ana haki ya kutabasamu. Asijaribu tu kwenye hilo jipya la Kijapani, injekta zake hazijui utani.

Basi ndugu msomaji, ukiiona taa ya manjano imewaka uko njia panda ya Ukunda, usizime gari na usimpigie fundi. Pinda kusini, shika mwendo wako, na kabla hujaipita Msambweni mpigie shangazi simu, apate kuteleka maji ya chai.