Mtaalamu wa Kozi Bila Kutoka Kitandani

1. Weka darubini chini. Kozi wa Berkeley, California, hutaga juu ya Campanile, mnara wa saa wa chuo kikuu wenye urefu wa mita 94 hivi. Ukisimama chini yake utaambulia maumivu ya shingo. Kamera imewekwa pale pale kiotani, na kuitazama ni bure. Jifunike shuka, washa simu.

2. Usiyakodolee mayai macho siku nzima. Kuatamia huchukua zaidi ya mwezi, na sehemu kubwa ni mgongo wa ndege aliyetulia tuli. Wewe vizia zamu tu. Usiku ni wa jike. Kukikucha dume humletea njiwa, jike anakwenda kula, dume anakalia mayai. Bahati yetu ni kwamba mwezi wa nne, jua likichomoza Berkeley, Dar es Salaam inakaribia saa kumi na moja jioni. Umeshatoka kazini!

3. Ukiulizwa dume ni yupi, taja mdogo bila kusita. Jike humzidi kwa karibu theluthi. Mayai yakifika manne, dume hujitanua, hujisogeza, na bado moja humchungulia ubavuni. Na hii hapa ndiyo itakayokupa heshima: kabla hajayafikia mayai, waambie watazamaji wenzako watazame miguu yake. Atakunja kucha kama ngumi asije akayatoboa. Atafanya hivyo kweli, nao watakugeukia wewe.

4. Yai la kwanza likiachwa wazi, wageni watalia kwamba limetelekezwa. Watulize. Kozi huanza kuatamia kwa dhati mayai yakikaribia kutimia, ili vifaranga waanguliwe karibu kwa pamoja.

5. Atatokea wa kuuliza kelele zote hizi ni za nini kwa ndege anayekula njiwa. Jibu fupi: DDT. Dawa hiyo ya kuua wadudu ilifanya maganda yawe membamba, mayai yakavunjika chini ya wazazi wenyewe. Marekani iliipiga marufuku mwaka 1972, na ilipofika 1999 ndipo kozi alipoondolewa kwenye orodha ya walio hatarini.

6. Akiba yako ya mwisho ni kisa cha Alden. Kitunze mpaka watu wametulia. Mwishoni mwa Machi 2022, Annie, jike wa mnarani, akiwa ameshaanza kutaga, dume wake Grinnell alikutwa amekufa mjini. Annie peke yake asingeweza kuwinda na kuatamia. Hazikupita siku mbili, dume mgeni akatua mnarani, akaanza kushika zamu juu ya mayai ya marehemu. Akaitwa Alden. Mwezi wa tano wakaanguliwa vifaranga, naye akawalisha. Hapa sauti yangu hutetemeka kila mara, na yako iache itetemeke. Akibaki mbishi wa kusema ndege ni ndege tu, usibishane naye. Mtumie anwani ya kamera.